Mapazia ya Ghorofa ya Nne

6 Januari

Mama Mkunga,

Shikamoo. Mimi ni fundi wa lifti, yule anayekaa juu ya ndoo mbele ya mlango wako kila Jumatatu akisubiri mwenzake avute nyaya. Naandika kwa sababu nimebisha hodi mara nyingi na hufungui, ingawa sauti yako naisikia ikiniambia niende zangu. Sikulaumu. Mjini mlango haufunguliwi ovyo.

Mwalimu wa ghorofa ya tano ameniambia kwamba ile nyumba inayotazamana na yako ni yako na iko tupu. Mimi nina mke, watoto wawili na mama yangu mzazi. Wote wako kwetu, ng'ambo ya mpaka. Shida yangu ni hii, na naomba uisome polepole maana hata mimi inanizungusha kichwa: ofisi ya vibali haiwaruhusu kuja mpaka nipeleke mkataba wa nyumba ya familia. Na kila mwenye nyumba ninayemfuata ananiambia kwanza nilete familia aione. Sasa niwatoe wapi? Nimezunguka mji huu mpaka soli zimeisha. Nikisema kwa sasa niko peke yangu, mlango unafungwa sijamaliza hata sentensi. Kazi yangu ni kuwatoa watu waliokwama, na mimi wa kunitoa sina.

Naomba unipangishe mimi. Mwajiri wangu atanidhamini.

Wako mtiifu,
Fundi wa Lifti

8 Januari

Fundi,

Marahaba. Barua yako nimeikuta chini ya mlango. Umeandika vizuri, lakini hata yule wa kwanza aliandika vizuri.

Mwaka juzi alikuja kijana kama wewe, mpole, na mke, na watoto wawili wamevalishwa soksi nyeupe. Nikawapa soda. Kumbe mke wa kuazima, watoto wa kuazima, soksi nazo sijui za nani. Wiki iliyofuata wakahamia wanaume wanane na magodoro yao. Wakaunguza jiko, wakaanika suruali kwenye ngazi, mmoja akafuga kuku bafuni. Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote, nimeona wanawake wakijifungua na waume zao wakizimia, lakini kuku bafuni sikuwahi kuona.

Kwa hiyo nyumba yangu naipangisha kwa familia ninayoiona kwa macho yangu haya. Mwisho wa Machi ukifika sijaiona, nampa mwenye duka hapo chini aifanye stoo ya sabuni na vitunguu. Vitunguu havina mke wa kuazima.

Na hiyo lifti yenu, mnaitengeneza Jumatatu, Jumatano imekwama. Magoti yangu ngazi hayaziwezi. Nakaa humu ndani kama mfungwa, na mfungwa angalau anaambiwa atatoka lini.

Mkunga Mstaafu

9 Januari

Mama Kifungo wangu,

Salamu nyingi. Mpe mama shikamoo yake, na wanangu wabusu vichwani. Simu ya posta nimeiacha, unalipa halafu unasikiliza upepo. Barua ni polepole lakini inafika.

Uliniuliza katika barua yako ya mwisho kama kweli nina nia ya kuwaita, au nimeshazoea kukaa bila mtu wa kuniuliza nimetoka wapi. Neno hilo lilinichoma. Nimetembea nalo kazini wiki nzima. Basi jibu langu ni hili: nyumba imepatikana.

Iko ghorofa ya nne, mlango wa kushoto ukitoka kwenye lifti. Vyumba viwili, sebule, jiko lenye sinki, bafu ndani. Madirisha yanatazama uwanja wa shule, kwa hiyo Kifungo atavuka barabara moja tu na yuko darasani. Mwenye nyumba ni mama mmoja, mkunga mstaafu, anaishi mlango wa pili. Mkali kidogo, lakini ni mtu mzuri. Nampenda.

Umebaki mkataba tu. Nikiupata nakutumia, upeleke ofisi ya vibali. Ila msihame kwanza, sawa? Kaeni hapo hapo mpaka nikuambie.

Mumeo,
Baba Kifungo

24 Januari

Baba Kifungo,

Weee! Nilisoma barua nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mama yako alidhani nimeng'atwa na kitu. Kifungo ameshatangaza shuleni kwamba anahamia nyumba yenye lifti, na sasa wenzake wanamwita Mheshimiwa. Mtoto tuliyemwokoa na kifungo cha shati kooni leo ni Mheshimiwa! Mdogo wake Tonge anauliza kama lifti inauma.

Nisamehe kwa maneno yale ya barua iliyopita. Upweke nao ni ugonjwa, mtu anaweweseka.

Mwenye nyumba wetu nimemdokeza. Unamjua alivyo, siku nyingi anamtafutia mwanawe pa kukaa na mke mpya. Alicheka mpaka gego likaonekana.

Sasa kazi. Nataka vipimo vya madirisha yote. Siwezi kuingia nyumba ya watu na madirisha uchi, halafu huyo mama mkali aseme fundi ameoa nani huyu. Upana wa dirisha, na urefu kutoka kwenye fimbo ya pazia mpaka dirisha linapoishia chini. Pima kwa futi, tafadhali. Usinipimie kwa mkono kama ulivyopima kitanda chetu, tukalala miaka mitatu miguu nje.

Mama yako anauliza jua linaingilia upande gani, kwa ajili ya mgongo wake.

Mkeo,
Mama Kifungo

5 Februari

Mama Kifungo,

Vipimo nimeviweka kwenye karatasi ya pili, dirisha moja moja. Nimepima kwa futi yangu ya chuma ya kazini, kwa hiyo safari hii huna la kunicheka. Jua la asubuhi linaingia sebuleni, mwambie mama kiti chake kitakaa hapo.

Ila nakuomba, usimdokeze tena mwenye nyumba wetu. Kuna rangi inapakwa huku, na mama mkunga ana mambo yake, mkataba umechelewa kidogo. Usitoe hata sufuria nje. Nakusihi. Umenisikia?

Ukimaliza mapazia yatume karakanani kwetu, dereva wa basi anapajua.

Nimechoka, mke wangu. Hapa watu wana kelele, mmoja anaingia mwingine anatoka. Wapaka rangi, namaanisha.

Baba Kifungo

20 Februari

Baba Kifungo,

Sisi wazima, tuko hapa hapa, usiwe na wasiwasi. Barua nitumie kwenye fremu yangu ya ushonaji, kile chumba cha duka, badala ya nyumbani, maana nashinda huku na kazi ni nyingi. Tonge siku hizi anapenda kulala chini ya meza ya kukatia vitambaa, anasema ni lifti yake. Mama yako mgongo unamsumbua lakini halalamiki, na hilo ndilo linanitisha.

Mkataba uko wapi? Mtu hupaka rangi mwezi mzima, anapaka bahari?

Mapazia yamekwisha. Ya sebuleni ni rangi ya udongo, ya kwetu kijani, ya watoto nimeweka kitambaa cha vidoadoa alichochagua Kifungo. Nimemkabidhi dereva leo. Karakanani sikumwelekeza, grisi yenu itayaua. Nimemwandikia karatasi, ayapeleke mpaka mlangoni: ghorofa ya nne, kushoto, na kama hupo ampe mama mkunga jirani. Huyo mama naye ajue tunakuja.

Andika haraka. Nakuomba kama ulivyoniomba.

Mama Kifungo

1 Machi

Dada Mpishi,

Nakuandikia badala ya kusema, maana kwenye foleni ya kantini masikio ni mengi kuliko sahani. Nina shida, na nikiisema utanicheka. Cheka, halafu nisaidie.

Kuna nyumba nitaikosa mwisho wa mwezi huu kwa sababu mwenyewe anataka kuona mke na watoto. Mke ninaye, watoto ninao, hawawezi kuvuka bila mkataba. Naomba Jumamosi moja tu uje na wanao wawili, mtazame vyumba, muitikie salamu, mwondoke. Mkataba ukitoka, wangu wa kweli wanakuja, na hakuna aliyeumia. Uongo wa saa moja kwa ajili ya ukweli wa maisha.

Usiwavalishe soksi nyeupe.

Fundi wa Lifti

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Kaka Fundi,

Nimecheka, na mafuta yameunguza kitunguu. Nitakuja, kwa sababu nami nilikuja mji huu nikafungiwa milango hivyo hivyo. Lakini wanangu hawajui kudanganya, hilo sijui wamelitoa wapi. Na mkeo akijua, mimi simo.

Mpishi

9 Machi

Mama usiyenijua,

Mimi ni mwenye nyumba ya ghorofa ya nne. Anwani yako nimeitoa kwenye karatasi ya mzigo wako. Nakwambia moja kwa moja, kazi yangu ilinifundisha kwamba mficha uchi hazai.

Alhamisi dereva wa basi alipanda ngazi zote nne akitukana lifti, akaniachia furushi la mapazia. Karatasi inasema ni ya mumeo, mpangaji wangu. Mpangaji sina. Nyumba ni tupu tangu mwaka jana. Nikafungua, ndiyo, nilifungua. Mtu ambaye lifti imemfungia ndani hana mengi ya kufanya. Nikamwita mwalimu wa juu anisaidie kuyatundika, nione ni mapazia ya namna gani haya yanayohamia nyumba kabla ya watu.

Jumamosi fundi wa lifti alibisha hodi, yuko na mke wake na watoto wawili. Nikafungua nyumba waione. Yule mama akazunguka vizuri, akasifu jiko. Nikamuuliza, "Na haya mapazia umeyaonaje?" Akasema, "Mazuri sana, mama. Umeyanunua wapi?"

Fundi alikuwa ameshayaona. Alishika pindo la lile la sebuleni, akalishikilia vile mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Nikawa namwangalia yeye, na mtoto mdogo wa yule mama akanivuta gauni: "Bibi, sisi sio wake." Nikawatoa wote. Sauti yangu ilifika mpaka dukani.

Mapazia ya sebuleni na chumba kikubwa yamekaa sawasawa. La watoto limezidi, limefunika mpaka ukuta ulio chini ya dirisha. Dirisha lile nililijengea nusu ya chini mjukuu wangu alipoanza kutambaa, nisije nikampoteza. Kwa mwalimu huko juu dirisha kama hilo halijajengewa. Kwa hiyo mumeo hakupima kwangu. Alipima kwa mwalimu. Ndani mwangu hakuwa amekanyaga kabla ya Jumamosi ile.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama unavyomjibu mkunga: wewe ni mke, au na wewe umeazimwa?

Mkunga Mstaafu

10 Machi

Mama Kifungo,

Mapazia yamefika. Nimeyashika kwa mkono wangu mwenyewe. Sebule imekuwa nyingine kabisa. Nilijua mshono wako hata kabla sijausogelea, ile njia yako ya kurudia pindo mara mbili. Nilitaka kukaa chini pale pale.

Mkataba bado saini tu. Mama mkunga ana wageni siku hizi. Msihame.

Nawapenda. Waambie hivyo, na Tonge umwambie lifti haiumi.

Baba Kifungo

22 Machi

Mama Mkunga,

Shikamoo mama yangu. Barua yako na barua ya mume wangu zilifika wiki moja. Ya kwake inasema mapazia yamefika na sebule imependeza. Nimeziweka mezani pamoja, nimezisoma kwa zamu, nikashindwa kushona.

Mke ni mimi. Nina cheti cha ndoa, nina watoto wawili wenye masikio ya baba yao, na nina mama yake mzazi hapa pembeni anayeniuliza kwa nini nalia. Nilipofika pale uliposema "yuko na mke wake" nikakalia magunia ya vipande vya vitambaa, mama mkwe akadhani kuna msiba. Niliposoma mbele nikajua ni wa kuazima. Lakini mama, ukishauona moto, hata ukiambiwa umezimwa huachi kunusa moshi.

Uliniambia kweli, nami nakwambia yangu ambayo hata yeye haijui. Nyumba yetu hatunayo. Nilimwambia mwenye nyumba mapema mno kwamba tunahama, na kabla Februari haijafika katikati alimwingiza mwanawe na mkewe. Mume wangu ananiandikia msihame, msihame, na mimi namjibu tuko hapa hapa, huku tumeshatolewa. Tunalala ndani ya fremu yangu ya ushonaji. Fremu si ya kulala, mwenyewe akijua tunatoka siku hiyo hiyo. Jua likizama nashusha mlango wa bati na tunakaa kimya mpaka asubuhi. Hatukohoi. Tonge akitaka kucheka anaingiza kichwa kwenye nguo. Kifungo, aliyekuwa anaongea mpaka usingizini, sasa ananinong'oneza hata mchana, shuleni mwalimu anamwambia apaze sauti. Hilo ndilo linaniua. Joto tunalivumilia, kubanana tunavumilia, lakini mtoto wangu amesahau kupaza sauti.

Kaka zangu wangenipokea mimi na wanangu, mama mkwe wangesema arudi kwa ndugu zake. Ndugu zake ni mume wangu tu. Simwachi.

Kwa hiyo nakuomba nyumba. Naiomba mimi, mwenyewe, kwa jina langu. Mume ni wangu, uongo ni wake, na wangu nimeshakueleza. Familia huwezi kuiona kwa macho, hilo siwezi kulibadilisha. Lakini fumua pindo la pazia la watoto. Utakuta nimekunja kitambaa kingi ndani, kiganja kizima na zaidi. Mapazia yangu yote nayashona hivyo kwa sababu tumehama nyumba nyingi na kila nyumba ina dirisha lake. Mtu wa kuazimwa Jumamosi moja hashoni pindo la miaka kumi.

Ukikataa, sitakulaumu. Mpe dereva mapazia anirudishie, niyauze.

Mama Kifungo, fundi cherehani

28 Machi

Mama Kifungo,

Kimya chako kimenitia hofu, na labda nastahili. Nakaa chini kuandika jambo ambalo nilipaswa kuandika Januari.

Nyumba haipo. Haikuwahi kuwa yangu. Niliomba nikanyimwa, na siku ya pili yake nikakuandikia kwamba nimepata. Nilikuwa na barua yako mfukoni inauliza kama nimezoea kutokuwepo kwenu. Nikasema nitaitafuta ndani ya wiki mbili, uongo utageuka kweli kabla hujapanda basi. Haukugeuka. Kila barua niliyoandika ilinifunga kamba nyingine.

Nalala chumba cha mafundi kumi. Kitanda changu ni cha zamu, mimi nakitumia mchana nikiwa zamu ya usiku, na usiku nikiwa ya mchana, saa zilizobaki ni cha mwenzangu. Nikiamka nakuta mwenzangu amesimama hapo na blanketi lake, anasubiri. Jumapili sina kitanda, nakaa ndani ya lifti ya ofisi iliyofungwa na kusoma barua zako.

Niliazima mke, Mama Kifungo. Ni mpishi wetu wa kantini, mama wa watu, hakuna kitu kati yetu ila aibu ya siku ile. Niliona mapazia yako yametundikwa kwa mtu mwingine na sikuweza kusema ni ya mke wangu, maana mke wangu alikuwa amesimama kando yangu akiyasifu. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimefika mwisho wake.

Ahsante Mungu hamkuhama. Hilo tu ndilo linanipa usingizi: angalau nyie mna kwenu.

Baba Kifungo

31 Machi

Mama Kifungo,

Marahaba mwanangu. Barua yako imenifikia jana, lifti ikiwa nzima kwa mara moja, nikashuka mwenyewe kuichukua.

Nilifumua pindo. Kitambaa kipo. Nikakaa nalo mapajani, nikafikiria huyo mtoto wako anayenong'ona. Mimi humu ndani sina wa kunong'ona naye wala wa kupiga kelele. Mwenye duka alikuja asubuhi na mkokoteni wa vitunguu, nikamwambia arudi navyo. Amenuna. Atapata mengine ya kununia.

Mkataba uko ndani ya bahasha hii. Jina ni lako. Mumeo hajui, na sitamwambia, huo ni mzigo wako kuubeba au kuutua. Jumatatu alikuja kutengeneza lifti, akanisalimia akiangalia viatu vyake.

Masharti: hakuna kuku. Na ufunguo nitamkabidhi mwenye mapazia, mkononi mwake. Mumeo hataingia hata kwa dirisha kabla yako.

Pazia la watoto sikulikata. Nimeliacha lilivyo, linakusubiri.

Mkunga Mstaafu

12 Aprili

Baba Kifungo,

Barua yako ya kusema kweli na mkataba wa Mama Mkunga vilifika siku moja. Ndiyo, mkataba. Nyumba ya ghorofa ya nne, kushoto. Umeandikwa jina langu. Tumeandikiana, mimi na yeye, na kila kitu nilikijua kabla hujaniambia. Kuhusu mke wa kuazima nilijua, kuhusu mwalimu wa juu nilijua. Kitanda cha zamu sikukijua. Hapo ndipo nililia.

Unamshukuru Mungu kwamba hatukuhama. Mume wangu, tumehama tangu Februari. Nimekuandikia kutoka sakafu ya fremu, mlango wa bati umeshushwa, mama yako amelalia magunia. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeacha kazi urudi, na ukirudi tungekuwa watano ndani ya fremu badala ya wanne. Kwa hiyo usije ukapiga magoti mbele yangu peke yako. Wewe ulinipa nyumba usiyokuwa nayo, na mimi nikawa nakujibu kutoka nyumba niliyoipoteza. Hatuna wa kumcheka mwenzake.

Ofisi ya vibali waliona jina la mwanamke, wakaigeuza karatasi mbele na nyuma, wakaitana, mwisho wakagonga muhuri. Tunafika na basi la Alhamisi ijayo.

Sitaki udhani nakuja kwa sababu nimekusamehe. Nakuja kwa sababu huku sina pa kukaa, huko wewe huna pa kukaa, na nyumba tuliyonayo duniani ni moja. Kusamehe, kama kupo, kutafanyikia humo ndani. Nimekasirika, na nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, na vyote viwili nakuja navyo kwenye basi hilo hilo. Yule mpishi umwambie nataka kumwona. Sitamfanya kitu. Nataka tu kumwona mtu aliyekuwa mimi kwa Jumamosi nzima.

Utusubiri chini, usipande. Ufunguo ni wangu kuuchukua. Hakikisha lifti inafanya kazi siku hiyo, mama yako ngazi haziwezi, na Tonge tumeshamwambia, mimi na bibi yake, kwamba haiumi, usimfanye bibi yake mwongo na mama yake mwongo pia.

Kifungo bado ananong'ona. Akifika, mwache apige kelele kadiri atakavyo, mpaka uwanja wa shule wamsikie. Mama Mkunga amesema anasubiri kelele hizo.

Na uje na ngazi na ile futi yako ya chuma. Dirisha la watoto utalipima tena, safari hii mimi nikiwa nimesimama hapo.

Mama Kifungo,
Mpangaji